Jinsi ya Kuomba Ruzuku ya Kaunti kwa Ajili ya Nasari Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi, ikaombwa ichapwe katika jarida hili ili wenzetu waliokuwa zamu waisome.)



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali: "Kwa nini vikundi vingine hupata fedha za kaunti, na nasari yetu haipati?" Swali hilo lilizusha kelele nyingi, kila mtu akasema lake. Halmashauri ya tawi ikatuchagua sisi watatu twende tukaulize maofisini, tusome sheria, kisha tuje tuwaambie tulivyoona. Tumekwenda, tumeuliza, tumesoma. Leo twaleta majibu.

Jibu kwa ufupi ni hili. Fedha za kaunti hazimfuati mwenye shida kubwa kuliko wote. Humfuata mtu aliyekuwa tayari kabla hazijatangazwa, aliyehudhuria zilipokuwa zikipangwa, na awezaye kuonyesha hesabu yake bila haya. Mambo hayo matatu yote tunayaweza, maana hayahitaji elimu kubwa wala mjomba serikalini. Yahitaji daftari, saa, na umoja.

NASARI YENYEWE

Wote twaijua nasari, lakini na tuitazame tena. Akina mama wa nyumba za reli waliianza wenyewe, kwa sababu baba huingia zamu saa kumi na moja alfajiri na mama huenda sokoni saa kumi na mbili, na mtoto wa miaka mitatu hubaki na nani? Leo watoto wako karibu 40. Hukaa chini juu ya mikeka. Maji huletwa kwa mitungi na mama aliye zamu. Wazazi hulipa kidogo kila mwezi, na fedha hizo humlipa mwalimu na kununua uji.

Kama nasari hii ikifungwa, watoto hao hawatakwenda mahali pengine. Watakuwa njiani, na njia ya hapa kwetu ni reli. Madereva na mashanta mliopo hapa hamhitaji kuelezwa zaidi. Kwa hiyo jambo tunalozungumza si mapambo.

FEDHA HIZI NI ZA NANI?

Wako wenzetu wanaosema, "Tumpelekee mheshimiwa zawadi, atatusaidia." Wengine husema, "Tungoje wakati wa kura, watakuja na bahasha za harambee." Ndugu zetu, tuondoe fikira hizo kwanza.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka kaunti 47, na serikali zake zikaanza kazi mwaka 2013 baada ya uchaguzi wa mwezi wa Machi. Kifungu cha 203 chasema kwamba sehemu ya kaunti zote isipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Mapato hayo hutoka wapi? Hutoka kwenye kodi inayokatwa katika mshahara wako kabla hujaugusa. Hutoka kwenye sabuni na mafuta ya taa anayonunua mama. Tena kaunti hukusanya ada zake yenyewe sokoni, kwenye vituo vya magari na kwenye leseni za biashara.

Basi fedha hizi si za gavana, wala si za mjumbe wa wadi, wala si za karani aliyeketi dirishani. Ni za watu wote, nao ni watunzaji. Kwa sababu hiyo hatuendi kupiga magoti. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hatuendi kudai kama mtu anayedai deni lake, maana watu wote ni pamoja na wale wa wadi nyingine, nao wana visima vilivyokauka na zahanati zisizo na mlango. Ombi letu litawekwa mezani pamoja na yao. Ni lazima liwe ombi linaloweza kusimama.

MLANGO GANI WA KUBISHA

Behewa likipelekwa laini isiyo yake halifiki hata kama limejaa mali nzuri. Vivyo hivyo ombi. Kwanza tujue ni kazi ya serikali ipi.

Katika Katiba, Jedwali la Nne linagawanya kazi kati ya serikali kuu na serikali za kaunti. Shule za msingi na za sekondari ziko upande wa serikali kuu. Lakini elimu ya kabla ya shule ya msingi, vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya kulelea watoto, hivyo vimetajwa kwa jina upande wa kaunti. Afya ya mahali, maji na usafi, na masoko ni mambo ya kaunti pia. Nasari yetu basi iko mlangoni pake hasa. Mtu akituambia, "Nendeni Nairobi, jambo hili si letu," tumwonyeshe Jedwali la Nne kwa adabu.

Pili, tujue tofauti ya ruzuku na mkopo. Ruzuku ni fedha unazopewa kwa kazi fulani, nawe hurudishi fedha bali warudisha hesabu. Mkopo hulipwa. Mfuko wa Wanawake ulioanzishwa mwaka 2007, na Mfuko wa Uwezo uliowekewa kanuni mwaka 2014, yote miwili iliundwa na serikali kuu kwa ajili ya kukopesha vikundi vya biashara. Ni mizuri kwa mwenye kuuza na kununua. Nasari haina faida ya kulipia mkopo, kwa hiyo tusitie sahihi karatasi ambayo hatukuisoma kwa sababu tu imeandikwa neno "mfuko".

Tatu, tukumbuke kwamba kaunti hazifanani. Sisi watu wa reli huhamishwa. Leo uko Voi, Kaunti ya Taita-Taveta. Mwakani uko Makindu, Kaunti ya Makueni. Kisha Nakuru, kisha Kisumu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, katika kifungu cha 116, yaruhusu kila kaunti kuanzisha mifuko yake kwa idhini ya Kamati Tendaji na Bunge la Kaunti. Makueni, kwa mfano, ilitunga kanuni za mfuko wa mabadiliko ya hali ya hewa mwaka 2015, na katika mpango ule wananchi hukaa katika kamati za wadi wakachagua kazi wanazozitaka. Mahali pengine mfuko ni wa vijana, au wa walemavu, au wa karo za shule. Fomu uliyoijaza Nakuru haina kazi Voi.

Kwa hiyo, ukifika ofisini usianze kwa kueleza shida. Anza kwa maswali manne: Mfuko huu unaitwaje, na ni wa sheria gani? Ni nani anayeruhusiwa kuomba? Fomu iko wapi? Siku ya mwisho ni lini? Andika majibu, na uandike jina la cheo cha mtu aliyekujibu na tarehe. Kuuliza si ujinga.

NI NANI ATAKAYEOMBA?

Hapa palikuwa na ubishi. Wengi walisema, "Chama chetu kinajulikana nchi nzima, tutumie jina la chama." Haifai. Chama cha wafanyakazi kimeandikishwa kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na kazi yake ni kutetea mshahara na hali ya kazi. Ada yenu iko katika sanduku lake kwa kazi hiyo. Tukichanganya fedha za kaunti na ada za wanachama, siku ya ukaguzi hatutajua shilingi ipi ilitoka wapi. Tena mshahara wa walimu wa nasari za kaunti ni jambo la wafanyakazi pia. Siku wakidhulumiwa, chama kitataka kusema, wala haifai kinywa chake kiwe kimefungwa kwa ruzuku.

Nasari ni ya wazazi. Wazazi ndio wawe kikundi, wanachama na wasio wanachama pamoja. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 ndiyo inayohusika na vikundi kama hivi, navyo huandikishwa katika idara ya serikali kuu ya maendeleo ya jamii. Yale mashirika makubwa yaliyokuwa chini ya sheria ya 1990 sasa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Njia hiyo ni ndefu, tena ni ya wenye kazi pana. Sisi tutosheke na kikundi cha kijamii.

Karatasi zinazotakiwa twazitaja moja moja, mwandike:

1. Kumbukumbu za mkutano ambao watu waliamua kuanzisha kikundi na kuchagua viongozi, zenye tarehe na sahihi.

2. Katiba ya kikundi. Isiwe ndefu. Iseme jina, kusudi, nani aweza kuingia, viongozi huchaguliwa vipi na kwa muda gani, fedha hutolewaje, na kikundi kikivunjika mali yaende wapi. Iseme wazi kwamba hakuna mwanachama atakayegawiwa faida. Neno hilo moja ndilo linalotutenga na biashara.

3. Orodha ya wanachama, na nambari za vitambulisho, na sahihi zao.

4. Cheti cha usajili ambacho muda wake haujapita.

5. Nambari ya kodi ya kikundi, yaani PIN, kwa jina la kikundi wala si la mweka hazina.

6. Akaunti ya benki kwa jina lile lile, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye cheti. Watia sahihi wawe watatu, na wasiwe wa nyumba moja.

7. Barua ya mwenye ardhi au mwenye jengo. Hili ni kubwa kwetu. Jengo la nasari liko juu ya ardhi ya reli, nasi twalitumia kwa ruhusa. Ruhusa ya mdomo haitoshi. Fedha za umma hazijengi juu ya ardhi ya mtu mwingine bila karatasi. Twashauri ombi la kwanza liwe la vitu vinavyohamishika, kama meza, viti na tangi, huku barua ya ruhusa ya ujenzi ikifuatiliwa polepole.

8. Afisa wa afya ya umma aitwe akague nasari, na maneno yake yaandikwe, hata yakiwa ya kukosoa. Akisema choo hakifai, hiyo ni sababu ya kuomba.

Siku hizi mambo mengi ya usajili hupita kwenye intaneti. Vijana wetu wenye simu kubwa watusaidie. Asiye na simu aende Huduma Centre. Lakini karatasi zenyewe zipigwe nakala, zitiwe katika faili moja, na faili likae kwa katibu, si chini ya godoro la mtu.

KALENDA YA FEDHA

Abiria anayefika stesheni gari likiwa limeondoka hana wa kumlaumu. Ratiba ya fedha za kaunti imo ndani ya sheria ile ya 2012. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hufuata, mwisho wake tarehe 28 Februari. Makadirio yenyewe hufika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Juu ya haya yote uko mpango wa miaka mitano. Ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Kabla ya kila hatua kaunti hutakiwa iwasikilize wananchi. Katiba yasema hivyo katika kifungu cha 196 na cha 201. Mikutano hiyo hutangazwa, nayo hufanyika mchana, siku ya kazi, mara nyingi kwenye jumba la wadi. Ndiyo sababu sisi huwa hatupo. Lakini asiyekuwepo na lake halipo. Kitu kisichotajwa katika mpango wa Septemba hakitapewa fedha mwezi wa Julai unaofuata, hata ombi likiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Dawa yake twaijua kutoka kazini: zamu. Kikundi kiandike majina ya watu sita. Kila tangazo la mkutano likitoka, wawili kati yao waliopumzika waende. Wasiseme maneno mengi. Waseme: "Sisi ni wazazi wa nasari fulani, wadi fulani, watoto 40, hakuna maji. Twaomba nasari za wadi hii ziandikwe katika mpango." Kisha wahakikishe karani ameandika, na warudi na nakala ya orodha ya waliohudhuria, au waipige picha. Mwaka ujao karatasi hiyo ndiyo itakayosema, "Jambo hili liliombwa na wananchi."

KUANDIKA OMBI LENYEWE

Sasa tuje kwenye maandishi. Fomu nyingi huuliza mambo matano, hata kama maneno yatabadilika.

La kwanza: kuna shida gani? Jibu kwa hesabu. Usiseme "watoto wetu wanateseka sana". Sema watoto ni wangapi, wavulana na wasichana, wa umri gani, maji yako mbali kiasi gani, mitungi mingapi kwa siku. Hesabu iwe ile iliyo katika daftari la mahudhurio. Tusiwaongeze watoto ili tupate zaidi. Mkaguzi akija akakuta viti 60 na watoto 38, jina letu limekwisha, na kikundi kitakachokuja baada yetu kitateseka kwa ajili yetu.

La pili: mtafanya nini? Taja vitu, siku ya kuanza na siku ya kumaliza.

La tatu: gharama ni nini? Kule misheni sote tulisikia habari za yule aliyekaa chini kuhesabu gharama kabla ya kujenga. Tufanye hivyo. Tumetengeneza mfano huu; bei ni za mfano tu, za kweli zitaulizwa katika maduka matatu na karatasi za bei zibandikwe kwenye ombi:

Meza ndogo 10, kila moja shilingi 3,500: shilingi 35,000.
Viti vidogo 40, kila kimoja shilingi 800: shilingi 32,000.
Tangi la maji la lita 5,000: shilingi 40,000.
Mifereji ya paa na mabomba: shilingi 13,000.
Magodoro madogo 20, kila moja shilingi 1,500: shilingi 30,000.
Jiko na sufuria za uji: shilingi 20,000.
Fundi na gari la kubeba: shilingi 10,000.
Jumla: shilingi 180,000.

La nne: ninyi mnatoa nini? Hapa tuandike kwamba kikundi kitatoa shilingi 30,000, na kaunti twaiomba shilingi 150,000. Tena tuandike kazi ya mikono: kumwaga zege ya kukalia tangi, kuchimba mtaro, kupaka rangi. Mtu aliyetia jasho lake katika kitu hawezi kukiacha kiharibike, na wenye kugawa fedha wanalijua hilo. Watu 40 wakitoa shilingi 250 kwa mwezi, katika miezi mitatu shilingi 30,000 zimetimia. Haba na haba hujaza kibaba.

La tano: ruzuku ikiisha, itakuwaje? Hili ndilo swali linaloangusha wengi. Tangi likipasuka nani atalitengeneza? Tuandike mapato ya kila mwezi kutoka kwa wazazi, mshahara wa mwalimu, uji, na kiasi kidogo kinachowekwa kando kwa matengenezo. Tusiombe mshahara wa mwalimu katika ruzuku ya mara moja, maana ruzuku itakwisha na mwalimu atabaki akila nini?

Barua ya kuambatanisha iwe ukurasa mmoja. Tusimsifu mtu. Tusimtaje adui. Tusiandike kabila letu wala chama chetu cha siasa. Kabla haijapelekwa isomwe kwa sauti mbele ya kikundi, akina mama wanaolea watoto waisikie, kwa kuwa wao ndio wanaojua kama twasema kweli.

HABARI YA MADALALI

Katika kuzunguka kwetu alitujia mtu, hatumtaji wala ofisi hatuitaji, akasema aweza "kulisukuma" ombi letu kama tukimwahidi sehemu yake fedha zikitoka. Tulimwambia hatuna idhini ya kuahidi fedha za watoto. Akacheka akaenda zake.

Ndugu, mtu wa namna hiyo atawajia ninyi pia. Mjue hivi: Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 humshika mwenye kutoa sawasawa na mwenye kupokea. Lakini kuna sababu kubwa kuliko sheria. Ukimpa sehemu, hesabu yako haitatimia tena. Meza kumi zitakuwa saba, na itakubidi uandike risiti ya uongo ya zile tatu. Tangu siku hiyo dalali ndiye mwenyekiti wenu, maana anaijua siri yenu. Ni afadhali watoto wakae juu ya mkeka mwaka mmoja zaidi kuliko kukalia kiti cha namna hiyo.

OMBI LIKISHAPOKELEWA

Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri na tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri ombi lenu halijafika.

Kisha kuna kungoja. Hata ombi likikubaliwa, fedha haziji kesho. Kaunti haiwezi kutoa fedha kutoka mfuko wake mpaka Msimamizi wa Bajeti akubali, na mara nyingi fedha za serikali kuu huchelewa kuzifikia kaunti. Kwa hiyo msikope tangi dukani kwa kutegemea barua ya kukubaliwa. Barua si fedha.

Wakikataa, ulizeni kwa maandishi ni kwa nini. Kifungu cha 47 cha Katiba chasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Tena Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yataka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Waweza kuuliza: ni vikundi gani vilipewa, kiasi gani, kwa vipimo gani? Uliza kwa upole, na weka nakala. Mara nyingi jibu litakufundisha kuandika vizuri zaidi mwaka ujao. Na mara nyingine swali lenyewe litamfanya mtu fulani akumbuke kwamba anatazamwa.

FEDHA ZIKIFIKA

Hapo ndipo kazi inapoanza. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Siku fedha zikiingia benki, kiasi kiandikwe kwenye karatasi kubwa ukutani mwa nasari. Kila kinachonunuliwa kiandikwe chini yake: tarehe, kitu, duka, bei, kilichobaki. Mama asiyejua kusoma asomewe. Mtu akinunua peke yake bila shahidi, asirudishiwe fedha. Vitu vitiwe alama na kuandikwa katika daftari la mali.

Kifungu cha 229 cha Katiba humruhusu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kukagua shirika lolote linalopata fedha za umma. Huenda asifike kamwe kwenye nasari ndogo kama yetu. Sisi tuishi kama atafika Jumatatu. Mwishoni tupeleke taarifa kaunti, hata wasipoidai: tulipewa hiki, tulinunua hiki, kilichobaki ni hiki, karibuni mtazame. Kikundi kilichorudisha hesabu bila kuitwa hakisahauliki upesi.

Neno moja la tahadhari. Viongozi watakuja kupiga picha mbele ya tangi. Waje, tutawapa chai na kuwashukuru kwa kazi yao. Lakini asije mtu akaandika jina lake kwenye tangi. Na taka zisipochukuliwa, au barabara ya stesheni ikijaa mashimo, tutasema vile vile tulivyosema zamani. Ruzuku si kufuli la mdomo.

TUNAYOOMBA MUAMUE LEO

Bwana Mwenyekiti, tunaweka mbele ya mkutano mambo manne. Kwanza, wazazi wakae siku ya Jumapili ijayo baada ya ibada, waunde kikundi na kuchagua viongozi, na walau nusu wawe akina mama, kwa kuwa nasari ni kazi ya mikono yao. Pili, kila mzazi aanze kutoa shilingi 250 kwa mwezi, na kila anayetoa apewe risiti. Tatu, majina sita ya zamu ya mikutano ya kaunti yaandikwe kabla hatujatoka chumba hiki. Nne, chama kitukopeshe mashine ya kuchapa na karatasi, basi. Fedha za chama zisiguswe.

Sisi watatu tuko tayari kuendelea kusaidia, lakini hatutaki kuwa viongozi wa kikundi hicho. Waliochaguliwa kuuliza wasijichague kushika fedha.

Mkikubali, katibu atapitisha daftari la majina sasa hivi. Aliye na kalamu amwazime jirani yake.

Umoja ni nguvu. Tumekwisha sema.